Marezidenti wafundishwe kuandika kazi nzuri wanazofanya wodini

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee jambo ambalo naliona linaumiza huduma zetu huku Mwanza na sijaona mtu akiliandika gazetini. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi za watoto na za watoto wachanga kwa miaka mingi huku kanda ya ziwa, na ninachotaka kusema ni kwamba madaktari wanaosomea ubingwa, hawa tunaowaita marezidenti, wanafanya kazi kubwa sana ya kuboresha huduma wodini ila hakuna anayekaa nao chini kuwafundisha namna ya kuiandika hiyo kazi mtu mwingine akaisoma akaelewa akaiga, matokeo yake residenti akimaliza miaka yake akaondoka na kazi nayo imeondoka, anakuja mwingine anaanza moja.

Kwa asiyejua, residenti sio intern. Ni daktari kamili, ameshamaliza digrii ya kwanza na mafunzo ya vitendo, wengi wameshafanya kazi wilayani huko Sengerema, Geita, Magu, ndo wamerudi shule kusomea ubingwa wa watoto au akina mama au upasuaji, mara nyingi miaka mitatu hivi. Yeye ndo yuko wodini usiku na mchana, ndo anaandika dawa, ndo anaitwa saa nane usiku mtoto akibadilika. Bingwa anapita raundi halafu ana kliniki na madarasa yanamsubiri. Sisi manesi tunaona pia, na mara nyingi sisi ndo wa kwanza kuona, ila kubadilisha utaratibu wa idara tatu kwa mpigo nesi peke yake ni ngumu. Kwa hiyo mtu ambaye anaona huduma inakwama wapi na ana sauti ya kusikilizwa ni huyu residenti.

Nitoe mfano, hospitali siitaji. Mtoto mchanga analetwa kutoka visiwani, ana homa, hanyonyi, amelegea, daktari anaandika antibayotiki ianze saa hiyohiyo. Mtoto wa hivo mwenye maambukizi kwenye damu dozi ya kwanza haitakiwi kuchelewa hata kidogo, kila saa inayopita inamrudisha nyuma. Sasa wodini kwetu dozi ilikuwa inachelewa sana na kila mtu alikuwa na maelezo yake, madaktari wanasema manesi wazito, manesi tunasema famasi, famasi wanasema ndugu hawajalipia. Residenti mmoja wa kike akachukua karatasi ya manila akaibandika ukutani juu ya meza ya dawa, akachora mistari, akaomba kwa kila mtoto tujaze nyakati nne: mtoto alipofika, dawa ilipoandikwa, dawa ilipofika wodini, na dawa ilipoingia kwenye mshipa. Kalamu akaifunga kwa bandeji ikaning'inia palepale, mana wodini kalamu haikai.

Baada ya wiki kadhaa ikaonekana wazi kabisa. Dawa ikishafika wodini inaingia haraka tu, muda wote ulikuwa unapotea katikati, baba wa mtoto anazunguka na karatasi mkononi, dirisha la malipo, kontroli namba haisomi, anarudi wodini kuuliza, anaenda famasi, foleni, anaambiwa bado muhuri. Usiku ndo ilikuwa balaa zaidi. Basi yule dokta akaenda na in-charge wetu mpaka kwa mfamasia wakakubaliana liwepo boksi la dozi ya kwanza ndani ya wodi, vichupa vichache vya ampisilini na jentamaisini, sindano, kanyula za njano za watoto, dawa inaanza malipo yanafuata, na kila asubuhi shifti inayotoka inahesabu na kusaini. Mwanzoni haikwenda vizuri, boksi likabaki tupu mana hakuna aliyepangiwa kulijaza, wakarekebisha akapangiwa nesi wa asubuhi. Halafu wodi ya jirani wakaanza kuja kuazima, likawekwa kufuli na ufunguo ukakaa na anayegawa dawa siku hiyo. Hivohivo, jaribu, angalia, rekebisha, jaribu tena, na nukta za muda wa kusubiri tulizokuwa tunachora kwenye ile karatasi tukawa tunaziona wenyewe zinashuka, mpaka wafanya usafi walikuwa wanauliza leo imekuwaje.

Yule dokta akamaliza masomo. Tasnifu aliyoandika ilikuwa ya kitu kingine kabisa, ni watoto wangapi wana tatizo fulani na linaambatana na nini, mana hicho ndo alichoambiwa kinakubalika. Kazi ya boksi haikuandikwa popote. In-charge akahamishwa, ukuta ukapakwa rangi karatasi ikatupwa, boksi likawa la kuwekea pamba. Haikuchukua muda akaja residenti mwingine, kijana mchapakazi, akaona dozi zinachelewa, naye akaja na wazo la kubandika karatasi ukutani. Akaniuliza, Sista, hii kitu imewahi kujaribiwa hapa? Nikamweleza nilichokuwa nakumbuka, ila kwa nini ufunguo ulihamishwa, mfamasia alikubali kwa masharti gani, nukta zilianza kushuka baada ya badiliko lipi, hayo sio mambo ya kutunza kichwani. Na katikati hapo kuna watoto wamelazwa wakasubiri dawa kama zamani. Hili ndo linaloniuma.

Nimeongea na wenzangu wa hospitali zingine wanasema ni yaleyale, wodi ya wazazi, theatre, kote. Kazi za kuboresha huduma zipo nyingi, mabango ya 5S, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, yako kwenye kuta za hospitali nyingi nchini tangu Wizara ilipoanza hizo kazi mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani, Mbeya ikiwa ya mfano, timu za uboreshaji zinakaa vikao, ripoti zinaandikwa zinaingia kwenye faili. Ripoti ya kwenye faili inasema lengo limefikiwa. Haisemi mlipokwama mlifanyaje, na hapo ndo pana faida kwa mwenzako.

Marezidenti wanafundishwa kuandika, ndio, siwezi kusema uongo, ila wanafundishwa aina moja tu. Propozo, sampo saizi yaani idadi ya watu wa kuchunguza, dodoso, SPSS ile programu ya takwimu, p-value ile namba ya kupima kama tofauti ni ya bahati tu. Ni kazi halali na tunaihitaji, ila kuandika jinsi ulivyoboresha huduma ni kazi ya namna nyingine. Kwenye utafiti wa kawaida unapanga kila kitu mwanzoni na hutakiwi kubadilisha mpaka umalize. Kwenye kuboresha huduma unabadilisha kila baada ya muda kadri unavyojifunza, na hayo mabadiliko yenyewe ndo habari yenyewe. Kwenye utafiti wa kawaida kwamba mwezi huo Bohari ya Dawa ilileta mzigo nusu, kwamba maintern wapya walikuwa ndo wameingia, kwamba usiku tulikuwa manesi wawili na wodi imejaa watoto wawili wawili kitandani, hayo yanaonekana usumbufu wa kuondoa kwenye hesabu. Kwenye maandishi ya kuboresha huduma hayo ni nusu ya maelezo, mana daktari wa Musoma au Bukoba akisoma anataka kujua kama kilichofaa kwenu kitafaa kwake.

Mwongozo upo. Kuna mwongozo wa kimataifa wa kuandika kazi za namna hii unaitwa SQUIRE, ulitoka 2008 ukaboreshwa 2015, una vipengele 18 kuanzia kichwa cha makala mpaka nani alitoa hela, na msingi wake ni maswali manne mepesi: kwa nini mlianza, mlifanya nini, mlikuta nini, na ina maana gani. Unamtaka mwandishi aeleze mazingira ya kazi, aeleze kwa nini aliamini badiliko lake litasaidia, alieleze badiliko kwa undani kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kulifanya, aseme lilivyobadilika njiani, aseme na madhara ambayo hakuyategemea, na data zilizokosekana. Mtu yeyote mwenye simu anaupata bure kwenye intaneti. Ila niambie ni marezidenti wangapi wamekaa na mwalimu wakaupitia kipengele kwa kipengele wakiwa na kazi yao mkononi, nikiwauliza wanaopita wodini kwangu wengi wanalisikia hilo jina kwangu mara ya kwanza, na mimi ni nesi.

Nimeshapewa rasimu kadhaa nisome na marezidenti niliofanya nao kazi na naona wanapokwama. Sentensi inayojirudia ni hii, tulitoa elimu kwa watumishi. Elimu gani? Aliitoa nani, wapi, ilikuwa kwenye makabidhiano ya asubuhi au watu walitolewa zamu wakakaa darasani, wa usiku walipataje, nani hakuja na kwa nini? Mtu wa Kahama akisoma tulitoa elimu hawezi kufanya chochote nayo. Lakini dokta huyohuyo ukimkalisha ukamwambia nisimulie mlifanyaje anakusimulia vizuri sana, mpaka kalamu ya bandeji anakumbuka, sasa akishika kompyuta yote yanafutika anaandika kama anaogopa, na hiyo sio kwamba hajui, hakuna aliyemwonyesha kwamba yale anayosimulia ndo yanayotakiwa kwenye karatasi.

Kitu kingine ni takwimu. Wamezoea wastani wa kabla na wastani wa baada, halafu p-value, basi. Wastani wa namna hiyo unaweza kukudanganya, labda mambo yalishaanza kuwa mazuri kabla hujagusa kitu, labda yalipanda wiki tatu yakarudi palepale. Chati ya nukta kwa kufuata tarehe inaonyesha yote hayo, unaweka mstari wa katikati, unaandika juu yake siku ulipobadilisha kitu, na ukiona nukta 6 au zaidi zimefuatana upande mmoja wa mstari ujue hapo kuna kitu kimebadilika kweli sio bahati. Hii haihitaji kompyuta, rula na kalamu vinatosha, na manesi wote wanaielewa wakiiona. Ila kwenye tasnifu nyingi za marezidenti nilizowahi kushika hiyo chati sijaikuta.

Sasa watu wa Mwanza sisi ndo hatutakiwi kabisa kudharau jambo hili. Miaka ya mwanzo ya 90 kwenye vituo vya afya na zahanati za vijijini mkoani kwetu kulifanyika kazi, NIMR taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa na shirika la afya la AMREF pamoja na wenzao wa chuo cha afya cha London, watumishi wakafundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa zipo, usimamizi ukafika mpaka zahanati. Jamii 6 zilizopata huduma hiyo zikalinganishwa na 6 ambazo zilikuwa bado, na baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 kwenye zile zilizopata. Ikatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995 na mpaka leo popote duniani wanaposoma habari za ukimwi na magonjwa ya zinaa jina la Mwanza linatajwa. Zilikuwa zahanati kama hizi tunazozijua, kilichozifikisha huko ni kwamba kazi ilifanywa vizuri na ikaandikwa vizuri. Na Ifakara vilevile, hospitali yao ilikuwa moja kati ya 8 duniani zilizojaribu ile orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, matokeo yakatoka Januari 2009, vifo kwa hospitali zote 8 vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8 na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 mpaka 7. Leo orodha ile iko theatre nyingi duniani, na Watanzania walikuwemo tangu kwenye majaribio.

Marekani bodi inayosimamia mafunzo ya marezidenti inataka kila residenti ashiriki kazi za kuboresha huduma, ni sehemu ya mafunzo. Sisemi tuige kila kitu chao. Nasema hata kushiriki peke yake haitoshi kama mtu haonyeshwi namna ya kuandika alichofanya.

Ifundishwe vipi? Mimi sio profesa, ila nimekaa nao vya kutosha kujua nini hakisaidii. Semina ya siku moja hotelini yenye slaidi mia haisaidii. Kuandika yote mwezi wa mwisho kabla ya mtihani haisaidii kabisa, mana kufikia hapo tarehe zimesahaulika na nusu ya watu mliofanya nao wamehama. Inatakiwa ianze mwaka wa kwanza na iende sambamba na kazi yenyewe. Ile sehemu ya kwa nini tulianza inaweza kuandikwa wiki ya kwanza kabisa wakati hasira bado ya moto. Kuwe na daftari la kazi, kila badiliko lina tarehe na sababu, hata likishindikana, hasa likishindikana. Kila baada ya wiki mbili marezidenti wanne watano wakae na mtu aliyewahi kuandika na kuchapisha kazi ya namna hii, kila mmoja alete ukurasa mmoja tu usomwe kwa sauti, na wa upasuaji amsikilize wa watoto amwambie hapa umenipoteza. Mtu wa maktaba awepo, awafundishe kutafuta nani amejaribu nini, maana unaweza kuhangaika na kitu ambacho wenzako Mbarara au Kisumu walishakifanya. Waende mapema kwa kamati ya maadili waulize kazi yao inahitaji kibali gani, sio umalize ndo uanze kutafuta kibali, majarida yanauliza hilo. Na waonywe kuhusu majarida matapeli yanayotuma imeili yanaahidi kuchapisha ndani ya wiki ukishatuma hela, kuna vijana wamepoteza pesa zao na kazi zao huko.

Kubwa kuliko yote, ihesabike. Residenti ana moyo ila ana mtihani. Kama kazi ya kuboresha huduma iliyoandikwa vizuri haikubaliki kuwa tasnifu wala haina maksi, ataifanya kwa mapenzi yake ataiacha kwa haraka zake. Vyuo vyetu vinavyofundisha ubingwa huku Mwanza na kwingine vina uwezo wa kuliamua hili kwenye vikao vyao.

Najua kuna watakaosema hawa vijana wamechoka, na ni kweli wamechoka, wengine wanajilipia ada na wana familia, nimewakuta wamelala kwenye kiti na kalamu mkononi. Lakini sidai waongezewe mzigo. Kazi ya wodini tayari wanaifanya, na tasnifu tayari wanaandika, ninachoomba ni hizo mbili ziruhusiwe kuwa kitu kimoja. Wapo pia wakubwa wanaoogopa kwamba ukiandika dozi zilikuwa zinachelewa unaiabisha hospitali. Mgonjwa hatajwi jina, na dozi zinachelewa hata usipoandika, wazazi wanajua, wao ndo waliokaa kwenye foleni. Hospitali inayosema tulikuwa hapa, tukafanya hivi, tukafika hapa, mimi kama mzazi ndo ningeipelekea mtoto wangu.

Na tusisahau majina. Kazi hizi anafanya residenti na nesi na mfamasia na mtu wa data, halafu makala ikitoka unakuta madaktari watupu, nesi anashukuriwa mwishoni kwa ushirikiano wake. Kuna vigezo vinne vya kimataifa vya nani anaitwa mwandishi, umechangia kazi kwa kiasi kikubwa, umeshiriki kuandika au kurekebisha, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika nalo. Nesi akipewa nafasi anavitimiza vyote, ila lazima akaribishwe kwenye uandishi tangu mwanzo sio kuletewa karatasi asaini. Florence Nightingale mwaka 1858 ndo alichora zile takwimu zilizoonyesha askari wengi wa Uingereza kule vitani walikufa kwa magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha, sisi tunaokula kiapo kwa jina lake tuna haki ya kushika kalamu. Residenti akifundishwa kuandika na timu yake, hata akiondoka bado kuna watu wodini wanaojua kilichoandikwa na kwa nini.

Ombi langu la mwisho ni la lugha. Makala itaandikwa kwa Kiingereza, sawa, majarida ndo yanataka hivo. Ila residenti aandike na ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, tatizo lilikuwa nini, tulifanya nini hatua kwa hatua, wapi ilishindikana, chati moja, uwe sehemu ya kazi yake na upewe maksi. Nakala moja ibaki wodini kwenye kitabu cha makabidhiano, moja maktaba, moja kwa mganga mkuu wa mkoa aisambaze kwenye vituo, mana kliniko ofisa wa kisiwani Kome au Ukara anayeletewa mtoto wa hivo usiku na hakuna boti mpaka asubuhi, naye anatakiwa ajue boksi la dozi ya kwanza linapangwaje na nani analijaza.

Asante kwa nafasi Mhariri.

Muuguzi, Nyamagana, Mwanza